Neno "Anger" Lilipokuwa Huzuni

Mtahiniwa akiulizwa maana ya neno la Kiingereza "anger", hujibu papo hapo: hasira. Jibu hilo ni sahihi kwa leo. Hata hivyo, neno hili halikuanza na maana hiyo.

Waingereza wa kale walikuwa na neno lao la hasira, "yrre", ambalo limekufa kabisa. "Anger" lilikuja kwa bahari. Mwaka wa 865 jeshi kubwa la Wavikingi, wengi wao kutoka Denmark, lilivamia Uingereza. Baadaye wengi walilowea mashariki na kaskazini mwa nchi hiyo, wakalima, wakaoa, na maneno yao yakabaki. Katika lugha yao "angr" lilikuwa huzuni na masumbuko. Kwa hiyo aliyekuwa na "anger" hapo mwanzo alikuwa mtu wa kupewa pole, wala si wa kukimbiwa. Maana ya ghadhabu ilikuja kushika mizizi kufikia karne ya 14.

Ukichimbua zaidi utakuta maana ya kubanwa. Kijerumani kina "eng", yaani -embamba, na Kilatini "angere", yaani kukaba koo. Jamaa zote hizo! Hapa mwalimu wa Kiswahili hana budi kukumbuka "dhiki", neno tulilolipata kutoka Kiarabu, ambako maana yake ya asili ni wembamba. Na hasira je? Kiarabu "hasra" ni majuto, uchungu wa kilichopotea (usilichanganye na hasara, ambalo mzizi wake ni mwingine). Nalo lilivuka bahari, likafika pwani yetu, likawa ghadhabu.

Haya yana kazi darasani. Chukua tamthilia ya Shakespeare ambayo Julius Nyerere aliitafsiri mwaka wa 1963, akairekebisha na kuiita Juliasi Kaizari mwaka wa 1969. Katika tendo la nne Brutus anamfokea Cassius kwa kumnyima fedha za kuwalipa askari. Mtahiniwa huandika "Brutus ni mwenye hasira", akatia nukta, akasubiri alama. Lakini ugomvi ukiisha, Brutus anafichua kwamba mkewe, Portia, amekufa. Naye alijua tangu mwanzo wa makelele yale. Mwulize mwanafunzi wako, basi: Brutus alikuwa akifokea fedha, au akimlilia Portia?