Ndege ya Dakika Mbili

Sisi tulio ughaibuni tumezoea kupima umbali wa nyumbani kwa masaa ya kukaa ndani ya ndege, mara nyingi usiku kucha. Kaskazini ya Scotland, katika visiwa vya Orkney, iko safari inayopimwa kwa sekunde.

Kutoka kiwanja cha Westray mpaka cha Papa Westray ni kilomita 2.7 tu. Shirika la Loganair lilianza kurusha ndege hapo mwaka 1967. Ratiba inasema dakika mbili, na rubani Stuart Linklater aliwahi kuimaliza kwa sekunde 53. Abiria hajatulia kitini, keshafika!

Watalii hupanda ili wapate la kusimulia, lakini ndege haikuletwa kwa ajili yao. Hesabu ya mwaka 2011 ilikuta watu 90 tu Papa Westray, na bahari ya kule wakati wa baridi haina huruma. Ndege hiyo ndogo, ya abiria wanane, hupeleka walimu na madaktari, na wagonjwa huitumia kwenda Kirkwall. Nauli peke yake haiwezi kuiendesha. Serikali ya visiwa huchangia gharama.

Tulipoyajua haya tuliikumbuka Pemba. Ndege ipo, lakini nauli yake si ya kila mtu, na wengi wetu tumekua tukivuka kwa meli, tumeegemea mizigo. Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, wakafa mamia ya watu. Kwa ndege, safari ile ni kama nusu saa.