Shabunda, Hifadhi ya Wanyama na Mimea

Shabunda, nchi ya Warega magharibi ya Bukavu, haina ukame. Ni msitu wa mvua, na sehemu yake imo katika Mbuga ya Taifa ya Kahuzi-Biega, iliyoasisiwa mwaka 1970 milimani, ikapanuliwa mwaka 1975 hadi kilomita za mraba 6,000, ili mianzi ya juu na msitu wa bondeni, makao ya gorila wa Grauer asiyepatikana ila mashariki ya Kongo, viwe chini ya himaya moja. Rai hiyo ilimfaa mnyama. Wanavijiji waliojikuta ndani ya mipaka, haikuwafaa. Mwaka 1997 UNESCO iliihesabu mbuga miongoni mwa urithi ulio hatarini. Kisha, bei ya madini ya koltani ilipopanda mwaka 2000, wachimbaji walioosha mchanga vijitoni mwa mbuga walijilisha nyama ya mwitu.