Zege Halikauki, Hukomaa

Mwenye gereji Lodwar ambaye sakafu yake inatoa vumbi, au mwenye duka Kakuma ambaye njia ya gari mbele ya lango imechimbika, atalazimika kuchagua: zege, kabro, lami au changarawe? Kabla ya fedha kutoka, maneno yatatoka. Fundi hufanya alichoambiwa, na neno lililopinda huzaa kazi iliyopinda. Tuyapime basi, ndugu mlinzi wa lugha.

Sakafu kwanza. Kiarabu kina saqf, yaani paa. Katika nyumba za mawe za Lamu na Mombasa, chokaa na mawe yaliyolazwa juu ya boriti yalikuwa paa kwa aliye chini na mahali pa kukanyaga kwa aliye juu. Neno likateremka ngazi mpaka likafika ardhini. Njiani lilizaa kitenzi kizuri, kusakifu, ambacho tumekiacha kamusini huku tukisema “kupiga simiti”. Kirudi kazini.

Maana simiti ni unga ulio ndani ya mfuko. Ukichanganywa na mchanga, kokoto na maji, kinachopatikana ni zege. “Sakafu ya simiti” ni kauli inayomficha mteja uwiano wa mchanganyiko, na hapo ndipo mifuko hupungua. Wakongo wa Kakuma husema betoni, neno walilopewa na Kifaransa, na angalau wao hawachanganyi unga na zao lake. Kwa unga wenyewe napenda saruji. Asili yake ni Uajemi, na huko Oman saruj ya udongo uliochomwa ilijengea mifereji ya aflaj. Lakini anayesema simiti simkosoi. Namwomba tu asiliite zege simiti.

Sasa neno linaloniuma: kukauka. “Acha zege likauke,” tunaambiwa, na Lodwar, ambako joto la mchana hupita nyuzi 35 mara kwa mara, agizo hilo hutekelezwa na jua kabla ya jioni. Zege halipati nguvu kwa kukauka. Saruji huungana na maji, na muungano huo ndio ugumu wenyewe. Maji yakitoroka mapema, kazi hukatika katikati na uso hubaki unga unaosagwa na magurudumu. Sakafu nyingi tunazoziita kuukuu si kuukuu hata kidogo: zilinyimwa maji zikiwa changa.

Kiswahili kina neno kamili, kukomaa. Zege hukomaa. Fundi anayeamini kwamba hukauka atalifurahia jua la Turkana. Anayejua kwamba hukomaa ataliogopa, atalifunika kwa magunia yaliyoloa na kumwagilia siku 7 kwa uchache. Wahandisi hupima nguvu yake siku ya 28, na hicho ni kipimo cha ukomavu, si cha ukavu. Kazi ya kulilea zege tuiite kukomaza, na agizo liandikwe hivyo kwenye mkataba.

Kuchakaa nako ni kwa nguo. Sakafu hulika, huatuka, hubonyea, na kila kitenzi kina tiba yake. Iliyolika usoni yaweza kuvikwa tabaka jipya. Iliyobonyea ina ugonjwa chini, kwenye ardhi yenyewe, na kuipaka chochote juu ni kujitia hasara.

Tabaka hilo likiwa la epoksi, huitwa “rangi”. Si rangi. Ni vimiminika viwili vinavyokutana vikawa kitu kigumu. Mimi naliita ganda, kwa sababu kuganda ni kushika na pia ni kuwa kigumu, na epoksi lazima ifanye yote mawili. Penye mafuta ya injini haigandi, na ikishindwa hubambuka kama gome la mti. Msamiati mzima umo ndani ya neno moja.

Kabro, jina la vile vitofali vya zege, limeshakuwa letu, lisibadilishwe. Kitenzi chake ndicho kiwekwe sawa: halimwagwi wala halipigwi, hutandikwa juu ya mchanga. Kinachotandikwa hutanduliwa. Bomba likipasuka chini, au mafuriko ya mto Kawalase yakila mchanga, unatandua, unasawazisha, unatandika tena. Kwa njia ya gari katika ardhi ya laga, yaani mkondo wa mto wa msimu, ningechagua kabro kwa sababu hiyo pekee. Lami hulainika kwa joto na huliwa na mafuta ya gari, nayo changarawe ni rahisi lakini husombwa.

Na hiyo njia kutoka lango hadi banda la gari? Pwani kuna ujia, njia nyembamba kati ya nyumba. Ujia wa gari unatosha kabisa.

Limebaki moja linalonisumbua: ule mkato unaochorwa kwenye zege ili ufa, ukija, upite humo usitangetange. Nimepima mfuo, lakini mfuo wowote ni mfuo, nao huu una kazi maalumu. Mwongozaufa ni refu, ingawa linasema ukweli. Mwenye jina fupi kuliko hilo alitoe.