Kiti cha Mpiga Dramu: Vyombo na Ajira katika Muziki wa Dansi wa Tanzania

Historia ya muziki wa dansi, yaani muziki wa bendi za magitaa, tarumbeta na saksafoni uliokua katika kumbi za miji ya Tanganyika tangu miaka ya 1930, kwa kawaida husimuliwa kwa majina ya waimbaji na wapiga gitaa la solo: Salum Abdallah wa Cuban Marimba, Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, Marijani Rajab, Muhidin Gurumo. Mpiga dramu, kama anatajwa, hutajwa mwishoni mwa orodha, baada ya besi na tumba. Hata hivyo, ukitaka kujua bendi hizo ziliendeshwaje, na ni nani hasa aliyekuwa na mamlaka juu yazo, njia iliyo wazi zaidi ni kuzitazama kutoka kwenye kiti chake. Mwimbaji anayehama bendi huondoka na koo lake, na mpiga gitaa anaweza kuazima gitaa mtaa wa pili. Lakini seti ya dramu, ambayo ni ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu, ngoma ndogo yenye nyuzi za chuma chini yake, ngoma mbili tatu za kati na matoazi, ilikuwa na bei ambayo mshahara wa mpigaji haukuweza kuifikia, kwa hiyo karibu maisha yake yote alipiga chombo cha mtu mwingine.

Asili ya kazi hiyo ni ya zamani kuliko dansi lenyewe. Mwishoni mwa karne ya 19 vijana wa Lamu na Mombasa walianza kucheza beni, ngoma ya mashindano iliyoiga gwaride na bendi za kijeshi za wakoloni, wakijipa vyeo vya kijeshi na kupiga ngoma kubwa za kizungu pamoja na tarumbeta. Vita Kuu ya Kwanza, iliyowahamisha askari na wapagazi kutoka upande mmoja wa Afrika Mashariki hadi mwingine, iliyafikisha makundi ya beni bara, na majina ya vyama shindani vya Marini na Arinoti yakajulikana katika miji mingi ya Tanganyika. Ndani ya beni ngoma kubwa ilikuwa mali ya chama, ikinunuliwa kwa michango ya wanachama, nayo ilikuwa sehemu ya heshima ya chama hicho mbele ya wapinzani wake. Aliyeipiga aliteuliwa kuipiga, na angeweza kuondolewa. Desturi hii ya chombo kumilikiwa na chama na mpigaji kubaki na mikono yake ndiyo iliyorithiwa na bendi za dansi.

Dar es Salaam Jazz Band, inayotajwa kuanzishwa mwaka 1932, na Morogoro Jazz iliyofuata mwaka 1944, zilikuwa kwanza klabu za vijana wa mjini, zenye viongozi waliochaguliwa na mfuko wa ada, kisha ndipo zikawa bendi. Neno «jazz» katika majina yao halikuhusu sana muziki wa Wamarekani weusi. Lilimaanisha bendi ya kisasa ya kuchezea dansi. Katika miaka hiyo na iliyofuata zilifika santuri za muziki wa Kuba zilizochapishwa kwa alama ya GV, na wanamuziki wa Tanganyika, kama wenzao wa Kongo, walizisikiliza mpaka wakazishika. Kwa mpigaji hilo lilikuwa somo zito, kwa sababu rumba haikuhitaji mdundo wa gwaride unaokanyaga kila hatua, bali ilihitaji mgawanyo wa kazi: vijiti viwili vinavyogongana kwa mpangilio usiobadilika, manyanga yanayojaza nafasi, na tumba, yaani ngoma ndefu za Kikuba zinazopigwa kwa viganja, zikizungumza kati yake. Seti ya dramu iliingia kama mgeni katika familia iliyokwisha kamilika, na wapigaji wa mwanzo waliitumia kwa adabu ya mgeni, wakigonga ukingo wa ngoma ndogo badala ya ngozi yake ili kuiga sauti ya vijiti, na kuuacha mguu wa kulia uguse ngoma kubwa kidogo tu.

Hapa pana jambo ambalo wasikilizaji wa nje mara nyingi hawalioni. Kijana aliyekulia Uzaramo au Uluguru hakufika kwenye dramu akiwa mtupu. Alikwisha kusikia vumi, ngoma nene inayoshika uzito wa chini, na chapuo, ngoma ndogo inayokata kwa sauti kali, na alijua kwamba katika ngoma za kwao kila mpigaji ana sehemu yake na ladha hutoka kwenye makutano ya sehemu hizo. Si ajabu basi kwamba bendi mbili zilizoshindana kwa muda mrefu kuliko zote jijini Dar es Salaam, NUTA Jazz na Mlimani Park, zilichukua mitindo yenye majina ya ngoma, Msondo na Sikinde. Mtindo, katika lugha ya wanamuziki wa dansi, ni jina la mwendo wa bendi na la namna ya kuucheza kwa pamoja, kama Saboso ya Western Jazz au Segere Matata ya Tabora Jazz, na ingawa sifa ya mtindo ilikwenda kwa kiongozi wa bendi, aliyeufanya usikike tofauti na wa jirani alikuwa mara nyingi mpiga tumba na mpiga dramu waliozoeana.

Njia ya kujifunza haikupita shuleni, isipokuwa kwa wachache waliopita katika bendi za polisi na jeshi, ambako upigaji ulifundishwa kwa nidhamu ya gwaride. Wengine walianza kwa kubeba vyombo kabla ya dansi na kuvifungasha baada yake, wakapewa manyanga, kisha tumba, na hatimaye, siku mwenye kiti alipougua au alipohama, wakakaa nyuma ya dramu mbele ya watu. Mwalimu alikuwa sikio. Kielelezo cha juu cha upigaji katika enzi hiyo hakikuwa hata mtu wa dansi: alikuwa Mzee Morris Nyunyusa, kipofu aliyepiga ngoma nyingi kwa wakati mmoja, ambaye mlio wa ngoma zake ulitangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania na hivyo ukasikika katika kila nyumba yenye redio.

Uhuru ulibadilisha umiliki wa vyombo zaidi kuliko ulivyobadilisha muziki. Katika hotuba yake ya Desemba 1962 Rais Nyerere aliwasuta waliosomea dansi za Ulaya na kusahau ngoma za kwao, na serikali yake ikaanzisha wizara yenye jukumu la utamaduni. Lakini badala ya bendi za dansi kukauka, zilipata wafadhili wapya. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kiliunda bendi yake, NUTA Jazz, ambayo baadaye ilijulikana kama JUWATA, OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma. Polisi na jeshi nao walikuwa na bendi zao, Umoja wa Vijana wa TANU ukaanzisha Vijana Jazz, na mwaka 1978 shirika la usafiri na teksi likaanzisha Mlimani Park, iliyochukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, mwaka 1983.

Kwa mpiga dramu mpango huu ulikuwa neema yenye masharti. Alipata mshahara wa mwezi, jambo ambalo klabu za zamani hazikuweza kumpa, na alipata chombo kizuri, kwa sababu taasisi ya umma ndiyo iliyokuwa na uwezo wa kuomba fedha za kigeni za kuagizia vyombo. Aliyekuwa askari alipata hata pensheni. Kwa upande mwingine, alikuwa mtumishi katika kila maana: alipangiwa ukumbi, alitumwa kupiga kwenye sherehe za kitaifa, na ladha yake ilikuwa chini ya amri za wakubwa, kama ilivyoonekana mwishoni mwa 1969 viongozi wa Dar es Salaam walipopiga marufuku muziki wa soul, muziki ambao vijana waliupenda na ambao, kwa pigo lake zito la ngoma ndogo, ulimpa mpiga dramu nafasi ambayo rumba ilimnyima.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu mwilini. Bendi kubwa ilipiga usiku kadhaa kila wiki, ikihama kutoka DDC Kariakoo kwenda Magomeni Kondoa au Amana kule Ilala, na wimbo mmoja ukumbini ungeweza kurefushwa maradufu wakati watu wamekolea. Nyimbo nyingi za dansi zina sehemu mbili, ya kwanza ya taratibu yenye hadithi na ya pili yenye kasi ambamo magitaa na tarumbeta hujibizana, na ni mpiga dramu anayeivusha bendi kutoka upande mmoja hadi mwingine. Akichelewa, wote huonekana wamechelewa. Studio ya Radio Tanzania, iliyokuwa mahali pakuu pa kurekodia nchini, ilidai usahihi huohuo kwa ukali zaidi, kwa kuwa bendi nzima ilirekodiwa kwa pamoja na kosa la mmoja liliwarudisha wote mwanzo. Katika kanda nyingi za wakati ule dramu husikika nyuma, matoazi yakiwa mbele ya ngoma kubwa, na msikilizaji wa leo anayedhani mpigaji alikuwa mvivu anapaswa kuvilaumu vipaza sauti.

Mlango mwingine wa kurekodia ulikuwa Nairobi. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, ilhali Nairobi vilikuwapo viwanda, wenye studio na fedha, na ndiyo sababu ndugu Wilson na George Kinyonga wa Tanga walihamia huko mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuunda Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wapigaji walijitenga na kuunda Les Wanyika, na katika wimbo wao «Sina Makosa» dramu za Rashid Juma zinadhihirisha jinsi mpigaji mmoja asiye na haraka anavyoweza kubeba wimbo wenye vyombo vichache. Wakati huo pigo la kavacha, mwendo wa kasi wa ngoma ndogo unaohusishwa na Meridjo Belobi wa Zaiko Langa Langa ya Kinshasa, lilikuwa limekwisha kuenea Afrika Mashariki, na ndilo lililomtoa mpiga dramu nyuma ya mpiga tumba.

Kisha vyombo vikaadimika. Kufungwa kwa mpaka wa Kenya mwaka 1977, vita vya Kagera na uhaba wa fedha za kigeni wa miaka ya 1980 viliifanya ngozi ya plastiki ya dramu, ambayo fundi aliyejua kuwamba ngozi ya mbuzi hakuwa na dawa yake ikipasuka, kuwa kitu cha kutunzwa kama dhahabu. Mwenye vyombo ndiye aliyekuwa na bendi: mwaka 1985 mmiliki binafsi wa Safari Sound aliweza kuwavuta wapigaji wakuu kadhaa wa Mlimani Park, akiwemo Gurumo. Miaka ya 1990 taasisi za umma zilipojiondoa, kinanda cha umeme chenye midundo iliyokwisha pangwa kilishika nafasi katika vikundi vya taarab ya kisasa, na studio za muziki wa kizazi kipya ziliweka kompyuta mahali pa mpigaji. African Stars, maarufu kama Twanga Pepeta, ilikuwa miongoni mwa bendi chache zilizoendelea kumtegemea mpigaji hai, tena kwa kasi ambayo wazee wa rumba waliiona ni fujo.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyozaa chombo cha kusimamia haki za wasanii kiitwacho COSOTA, inamtambua mtunzi na pia mtendaji aliyepiga. Lakini haki ya mtendaji huanza na uthibitisho kwamba ni yeye aliyepiga, na wimbo wa miaka ya 1970 hutambulishwa redioni kwa jina la bendi na la mtunzi au mwimbaji wake. Kwa aliyeketi nyuma ya dramu ushahidi unaobaki mara nyingi ni kumbukumbu ya wenzake waliokuwa studio siku ile, na idadi yao inapungua mwaka hadi mwaka.