UZI: Kwani matibabu ya bure yaliwahi kuwepo Kenya?

Siasa zikipamba moto, lazima mtu aseme: "Hakuna cha bure, Mkenya amejilipia hospitali tangu uhuru." Nasomea sayansi ya siasa, naishi hapa Kahawa Wendani, na hayo maneno yamenikera wiki nzima. Sitaji mtu wala chama.

Si kweli. Mwaka wa 1965 serikali iliondoa ada ya kikoloni kwa wagonjwa wa nje katika vituo vya umma. 1966 ikaja NHIF, bima iliyoanza na wenye mishahara. Mkulima na mchuuzi wakabaki kutegemea ile huduma ya bure. Shikeni hapo, nitarudi.

Desemba 1989 ada zikarudi. Serikali ilikuwa imebanwa kifedha, na Benki ya Dunia ilisukuma "kugawana gharama". Watafiti wakahesabu wagonjwa katika kliniki moja ya magonjwa ya zinaa Nairobi: wanaume walishuka hadi asilimia 40 ya idadi ya awali, wanawake 65. Jamani, hawakuwa wamepona! Walibaki nyumbani, na ukimwi unasambaa.

1990 ada ikasimamishwa, 1992 ikarejea kwa sura nyingine. 2004 zahanati zikaambiwa zitoze shilingi 10, vituo vya afya 20. 2013 hizo nazo zikaondolewa, na kujifungua hospitali za umma kukawa bure.

Ila deni halizaliwi zahanati. Huzaliwa wodini: kulazwa, upasuaji, ICU. 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwazuilia akina mama Pumwani kwa sababu ya bili kulivunja haki zao. Mnafikiri mtindo huo uliisha?

Mume wa mama mboga wetu aliruhusiwa na daktari Jumanne. Alitoka Jumamosi. Siku zote hizo kitanda kilikuwa kinahesabiwa. Ploti nzima ilichanga kwa M-Pesa, hadi sisi wanafunzi wa mia mia. Haikutosha, mama akaacha hatimiliki ya shamba hospitalini.

"Si angelipa SHA?" Tangu Oktoba 2024 mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kila mwezi, hata hasikii. Asiye na payslip hutakiwa kulipa ya mwaka mzima, isiyopungua shilingi 3,600. Mtu anayeuza sukuma wiki hupata pesa ya leo, akaitumia leo. Ndio ile bima ya 1966 tena, imekatwa kwa vipimo vya mwajiriwa, tofauti ni kwamba sasa kila mtu analazimishwa kuivaa.

Mimi naona gharama ya wodi itoke kwenye kodi. Msiniambie mama mboga halipi kodi, kila vocha ya simu anayonunua imekatwa. Ni ghali? Ndio, ghali sana, na hapo ndipo mjadala ungefaa kuanzia. Hata sasa tunalipa, ila kwa mchango wa WhatsApp.

Jana tumefungua mwingine, wa kukomboa hatimiliki.