Tarehe ya Neath, Mama wa Klabu za Raga za Wales

Klabu ya Neath iliasisiwa mwaka 1871, na hakuna klabu ya raga ya Wales iliyoitangulia. Watu wa Lampeter hudai kwamba mchezo ulianzia kwao, tangu Rowland Williams alipoutoa Cambridge akaupeleka chuoni kwao kwenye miaka ya 1850. Haya, lakini wanafunzi wakicheza uani mwa chuo hawajawa klabu ya mji yenye nahodha na mahasimu wa kudumu. Neath mwaka 1872 walikwisha kupambana na Swansea.

Mkubwa wa mwanzo ni T. P. Whittington, tabibu. Mwaka 1873 aliichezea Scotland, Wales ikiwa haina hata timu ya taifa.

Jezi nyeusi, wazee wanasema, ni ya msiba: mwenzao Dick Gordon aliumia katika mechi na Bridgend mwaka 1880, akafa. Na ule msalaba mweupe wa Malta ulianza kwa mchezaji aitwaye Moxham, aliyeona weusi umezidi akabandika kitambaa cheupe kifuani.

Sasa niliseme lile linaloniuma. Februari 1881 Wales walikwenda Blackheath na timu iliyokusanywa na Richard Mullock wa Newport, Uingereza ikawafunga trai 13, wao wakarudi mikono mitupu. Ndipo tarehe 12 Machi viongozi wa klabu wakakutana Castle Hotel, hapahapa Neath, wakaunda chama cha raga cha Wales. Orodha ya waasisi ina klabu 11. Hata Bangor ya kaskazini imo. Neath haimo! Wageni wajae sebuleni, mwenye nyumba asihesabiwe? Mimi nasema kalamu ya karani iliruka mstari, na atakayebisha anieleze kwa nini walichagua kuja Neath.

Klabu ya Llanelli walikuwa na siku zao. Lakini kombe la kwanza la chama, mwaka 1972, Neath waliwafunga 15–9.

Enzi kuu ni ya kocha Ron Waldron. Aliwakimbiza mazoezini mpaka wapinzani wakawa wanahema wao wakiwa ndio wanaanza. Brian Williams, mkulima wa Pembrokeshire, alikuwa mwepesi kuliko wenzake wa mstari wa mbele wa skrumu, na bado aliwasukuma majitu. Msimu wa 1988/89 walifunga trai 345 na pointi 1,917. Oktoba 1989 New Zealand walikuja uwanja wa Gnoll wakashinda 26–15, kwa jasho. Ligi ya kwanza ya Wales, 1990/91, ilikuwa ya Neath.

Mwaka 2003 Neath na Swansea waliunganishwa wakazaa Ospreys, na miaka miwili baadaye majina ya miji yote miwili yakaondolewa. Swansea huvaa nyeupe. Ospreys huvaa nyeusi.