Cheti Kilichofuata Kazi

Katika mji wetu wa Moshi si ajabu siku hizi kumkuta kijana mwenye vyeti vitatu vya kompyuta ndani ya bahasha ya kaki, akizunguka ofisi hadi ofisi. Kila tangazo la kazi linamtaka awe na uzoefu usiopungua miaka mitatu. Ng'ambo ya barabara yuko mwenzake anayetengeneza simu na kompyuta za watu chini ya mwavuli. Huyu hana cheti hata kimoja, na wateja wanamngoja. Wazee wenzangu hudhani jambo hili limeletwa na mitambo. La hasha. Nchi hii iliwahi kuujaribu ugomvi wa karatasi na kazi kwa maelfu ya watu, na uwanja wa jaribio lenyewe ulikuwa darasa.

Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma. Elimu ya msingi kwa watoto wote, ambayo ilikuwa imepangwa kufikiwa mwaka 1989, ikaamriwa ifikiwe 1977. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ikapanda kutoka kama milioni 1.2 mwaka 1974 hadi zaidi ya milioni 3 mwaka 1980. Nani angewafundisha? Vyuo vya ualimu, pamoja na kile cha Marangu kilichonilea mimi, visingetosha hata kama vingefundisha usiku na mchana. Basi vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa wafundishe huku wakijifunza ualimu papo hapo shuleni, kwa miaka mitatu. Masomo yalikuja kwa vitabu vya elimu kwa njia ya posta na kwa redio. Msimamizi alikuwa mwalimu mkuu, akisaidiwa na mratibu wa elimu wa kata. Mwishoni walikwenda chuoni kwa wiki chache, wakafanya mtihani, na waliofaulu wakapata cheti cha Daraja la C. Zaidi ya 35,000 walihitimu kwa njia hiyo. Watu wakawaita walimu wa UPE, na jina hilo halikutamkwa kwa heshima. Hata mtu mzima akikosea hesabu dukani aliambiwa ni wa UPE.

Mkutano uleule uliamua pia kwamba wahitimu wa kidato cha sita wasiende Chuo Kikuu moja kwa moja, bali wafanye kazi kwanza na wapate mapendekezo ya mwajiri na ya Chama. Kwa hiyo kazi ilitangulizwa mbele ya karatasi mara mbili katika kikao kimoja. Hili la pili halikudumu. Wasichana walilegezewa mapema kwa sababu idadi yao Chuo Kikuu ilishuka, na baadaye utaratibu wote ukaachwa. Kijana angeweza kukaa ofisini miaka miwili akipanga majalada, bosi akaandika kwamba ana tabia njema, na hiyo ikahesabiwa kuwa uzoefu.

Wakati huo nilikuwa mwalimu mkuu kijana katika shule moja upande wa Kibosho. Nililetewa wanagenzi wawili, mmoja wao binti wa kijiji kilekile. Darasa la kwanza lilikuwa na watoto wengi mno, na wengi wao nyumbani walisikia Kichagga tu. Binti yule alijua lini amwulize mtoto kwa lugha ya mama yake na lini amvute kwenye Kiswahili. Alijua pia kwamba msimu wa kuchuma kahawa nusu ya darasa ingekuwa kihambani, akapanga marudio yake kwa kuzingatia hilo. Mambo hayo sikuyasoma Marangu. Lakini nilipompa darasa la tano wiki moja, akagawanya sehemu kwa sehemu ubaoni akapata jibu la ajabu, na watoto wakalinakili kwa mwandiko mzuri kabisa. Kila jioni tulikaa na andalio lake la somo, mimi na kalamu nyekundu, naye akilifanya zoezi upya mpaka aweze kunieleza kwa nini sehemu ya pili inapinduliwa.

Si mbali na hapo palikuwa na shule nyingine, ambayo sitaitaja, ambako mwanagenzi alikabidhiwa chaki na darasa, na mwalimu mkuu hakuingia mle mpaka mratibu alipokuja. Kijana yule alifundisha miaka mitatu, lakini ukiichunguza ilikuwa ni mwaka mmoja uliorudiwa mara tatu, pamoja na makosa yake. Cheti alichopata mwishoni kilifanana na cha binti yangu hata kwenye muhuri. Tofauti yao haikuandikwa popote. Ilikuwa ni kama kulikuwa na mtu aliyesimama nyuma ya darasa au hakuwapo, na wenye kutoa matangazo ya kazi mpaka leo hawaulizi hilo, wanahesabu miaka tu.

Ukaja mpango wa MMEM, wa 2002 hadi 2006, na walimu wa daraja la chini wakatakiwa kujiendeleza wafikie Daraja la A. Mhitimu wa darasa la saba aliyetaka cheti cha kidato cha nne alipaswa kwanza kufaulu Mtihani wa Maarifa. Binti yule, ambaye sasa alikuwa mama wa watoto wanne na mwenye zaidi ya miaka 25 kazini, alijiandikisha. Aliniambia kwamba asubuhi ya mtihani aliketi kwenye dawati la watahiniwa wa kujitegemea, na mtahiniwa wa dawati la pili akasimama akasema, "Shikamoo, mwalimu." Alikuwa amemfundisha kusoma mwaka 1983. Akaitikia marahaba, akaomba rula, na karatasi za mtihani zikaanza kugawiwa.